Tawi Kwenye Njia ya Jilala

Kuna harufu moja inayonipandisha hasira kabla sijajua nimekasirikia nini. Ni harufu ya unga uliotoka mashineni sasa hivi, bado wa moto, umechanganyika na moshi wa dizeli. Juzi nilikuwa napita nyuma ya soko hapa Bariadi, nina haraka zangu, mkononi nimeshika mfuko wa dagaa, ikanipata. Mashine nyingi za mjini siku hizi ni za umeme, lakini siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na bwana mmoja alikuwa ameamsha injini yake ya zamani. Nikasimama. Akadhani nimeleta mahindi, akaniita, "Karibu mama, leo hakuna foleni." Nilimtazama kwa jicho baya sana, na maskini hakuwa amenikosea kitu.

Basi niwasimulie ninyi, kwa kuwa ninyi hamtakwenda kunisema nyumbani kwetu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Mwandoya, enzi hizo bado tunahesabiwa watu wa Shinyanga. Kijiji kimelala chini ya kilima cha mawe tulichokiita Nholo, yaani kondoo, kwa sababu ukikiangalia kutoka mashamba ya pamba unaona mgongo, shingo na kichwa kilichoinama kama kinakula. Njia ya miguu ilipita begani mwa huyo kondoo, katikati ya mawe makubwa, ikashukia upande wa pili. Haikuwa ndefu. Mtu mwenye debe kichwani aliweza kuivuka na kurudi kabla maharage hayajaiva. Lakini ilikuwa na vituko vyake. Masika mawe yaliota ukungu wa kijani, ukikanyaga unajikuta umekaa. Kwenye nyufa nyuki walihamia na kuhama bila kuaga. Swila naye alipenda kuota jua pale pale ambapo mtu anataka kuweka mkono ili apande.

Kibao cha hatari hatukuwa nacho hata kimoja. Tulikuwa na tawi. Mtu wa kwanza kupita asubuhi akikuta jambo baya njiani alikata tawi bichi lenye majani, akalilaza kukata njia, ncha ikielekea kwenye hatari, kitako kikionyesha upande wa kuzungukia. Juu yake aliweka jiwe ili upepo usilichukue. Hakuna aliyeuliza limewekwa na nani wala kwa nini. Ulizunguka tu, hata kama mzigo unakuvunja shingo. Majani yakikauka na hatari bado ipo, yeyote anayepita alikata jingine. Sisi watoto tulifundishwa tawi karibu sawa na kufundishwa kusema "mwangaluka" kwa wakubwa asubuhi. Kuondoa tawi bichi la mwenzako, hilo halikuwepo. Sikuwahi hata kusikia mtoto akikatazwa, maana watu hukataza jambo ambalo mtu anaweza kulifikiria.

Jilala alilifikiria.

Jilala alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye nyusi nyeupe kwa unga hata siku za Jumapili. Mashine yake ya kusaga ilikuwa upande wa pili wa kilima, mara tu ukishuka begani. Kijiji chetu chote kilisaga kwake. Mashine nyingine ilikuwa senta, kwenye barabara ya magari, na kufika huko ilibidi uzunguke kilima kizima, uondoke asubuhi urudi jua limepinduka. Kwa hiyo njia ya begani ikiwa wazi, Jilala alikuwa na foleni. Ikifungwa, foleni ilikwenda senta. Hata mimi niliyekuwa darasa la nne niliielewa hesabu hiyo.

Mwaka huo mvua ilinyesha kama imetumwa. Asubuhi moja baba alipita begani gizagiza akipeleka ndama mnadani. Pale ambapo njia inapita kati ya mawe mawili, mahali tulipopaita Mlangoni, kulikuwa na jiwe bapa ambalo watu wote walilikanyaga, na mvua ilikuwa imekula udongo wa chini yake. Ukiliangalia limetulia. Ukilikanyaga ukingoni linainuka upande wa pili. Baba alilisikia likicheza chini ya mguu wake, akarudi nyuma, akakata tawi kubwa, akalilaza, akaweka jiwe juu, akaendelea na ndama wake. Hakurudi nyumbani kutuambia. Kwa nini arudi? Tawi lilikuwa limeshasema.

Saa nne hivi mama akamtwisha dada yangu Minza debe la mtama. Mimi nikapewa sado ya mahindi, tukaondoka.

Minza alikuwa na miaka kumi na sita na lazima niwaeleze alikuwa nani, la sivyo hamtaelewa hasira yangu. Alikuwa mchezaji wa ngoma ya majembe. Vijana wanapokwenda kulima shamba la mtu kwa ngoma, wanarusha jembe juu, linazunguka, wanalidaka, wanalipiga ardhini kwa pamoja. Minza alilirusha juu kuliko wavulana, akageuka mzima, akalidaka bila kuangalia. Watu waliacha kula kumtazama. Mimi nilikuwa nasimama mbele kabisa na kuwaambia wageni ambao hawajaniuliza, "Yule ni dada yangu."

Tulipofika Mlangoni njia ilikuwa nyeupe, imefagiliwa na mvua, haina kitu. Minza alikuwa mbele akiimba. Akakanyaga jiwe.

Sikumbuki alivyolia. Nakumbuka debe likigonga mawe, koo, koo, koo, na mtama ukimwagika kwenye nyufa zote kama maji. Jiwe lilimeza mguu wake mpaka chini ya goti, likatulia tena. Minza akanigeukia na uso wa rangi ya jivu, akasema, "Kabula, zoa mtama, mama atatupiga." Nami nikaanza kuzoa, jamani! Nilizoa kama viganja vitatu kabla akili haijanirudia, nikakimbia mahali palipo karibu kuliko pote, mashineni.

Jilala alizima injini bila kuniuliza swali la pili. Alipanda kile kilima na nondo begani, akaliinua jiwe, akambeba Minza mgongoni mpaka kwake. Sitamnyima hilo. Mke wake, Mama Holo, alimlaza kwenye ngozi, akawa anamkanda uso kwa maji. Mimi sikuwa na la kufanya. Nikatoka nje, na huko nje ndiko nilikoliona.

Mbuzi wa Jilala alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya banda, na mbele yake kulikuwa na tawi kubwa, nusu limeshaliwa majani. Nilitazama kitako chake. Panga la baba lilikuwa na pengo katikati ya makali, na kila alichokata kilibaki na mstari mwembamba ulioinuka, kama kovu. Nikaweka kidole. Mstari ulikuwepo.

Nilipoinua macho Jilala alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akatazama tawi, akanitazama tena. Kisha akaingia ndani kumpa Minza maji.

Wazee walikaa. Baba alisema aliweka tawi. Jilala alisema alipopita Mlangoni asubuhi ile hakuona tawi, labda upepo. Mimi nilisema nimeliona tawi kwa mbuzi wake, nikaambiwa ninyamaze, wakubwa wanaongea. Aliyetumwa kwenda kuangalia alikuta mbuzi, hakukuta tawi. "Upepo huo uliinua na jiwe?" mama aliuliza kutoka walikokaa wanawake. Wazee wakakubaliana kuwa ni bahati mbaya. Kesho yake Jilala akaja na jogoo mwekundu, akasema pole, akakaa na baba chini ya ukumbi kama watu waliosaidiana kuvuna. Baba alikuwa mpole kupita kiasi. Huyo jogoo alichinjwa, na firigisi akala baba. Mimi nililala na njaa. Nilisema tumbo linauma.

Mguu wa Minza uliungwa kwanza na mganga wa mifupa, ukaungwa tena hospitali ya Bariadi, na mara zote mbili uliungika unavyotaka wenyewe. Alirudi akitembea kama mtu anayepanda ngazi upande mmoja tu. Msimu wa kulima ulipofika alikwenda kwenye ngoma ya majembe, akakaa pembeni, wakampa ngoma ndogo apige. Nilisimama mbele kama kawaida yangu. Mgeni mmoja akaniuliza yule msichana anayerusha jembe ni nani. Nikasema sijui.

Siku hiyo ndiyo nilipoamua, na sitawadanganya kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyekula akashiba.

Wanaume walikuwa wameling'oa lile jiwe na kusawazisha Mlangoni, njia ikawa nzuri kuliko zamani, na watu walikuwa wanasaga kwa Jilala kama hakuna kilichotokea. Nikajiuliza mtoto ana nguvu gani juu ya mtu mzima. Sina panga langu, sina sauti barazani, siwezi kumpiga. Lakini tawi halina umri. Tawi lililowekwa na mtoto na tawi lililowekwa na mzee yanasema kitu kile kile.

Kulipopambazuka nilitoka kama ninayekwenda kuchota maji. Nilificha ndoo kwenye kichaka, nikapanda, nikavuka bega, nikashuka mpaka pale ambapo vijia vya pande zote vinakutana kuingia mashineni. Nikakata tawi bichi kwa kisu cha jikoni, kazi ya kutoa jasho. Nikalilaza kukata njia, ncha ikielekea kwa Jilala. Nikaweka jiwe juu.

Kisha nikajificha nione. Akaja mama mmoja na debe, akaliona tawi, akasimama, akasema "Mayu we!" peke yake, akageuka na mzigo wake wote. Baadaye wakaja wawili. Wakageuka. Hakuna aliyeita kuuliza kuna nini huko. Nilibana mdomo kwa viganja viwili nisicheke.

Nililiweka tena kesho yake, na keshokutwa. Likianza kunyauka nilikata jingine. Wiki ya pili kijiji kilikuwa na maelezo ya kila aina. Mmoja alisema swila ameingia kwenye banda la mashine na hatoki. Mwingine akasema ni nyuki. Bibi yetu mmoja aliyeamini mambo ya zamani akasema si nyoka wala nyuki, ni mizimu ya kilima imekataa kelele za injini, na huyo nilimpenda kwa sababu alieneza habari haraka kuliko wote. Foleni ikahamia senta.

Sasa mtauliza, kwa nini Jilala mwenyewe hakuliondoa? Jambo hilo ndilo lililonifanya nijione nina akili kuliko wazee wote. Nilijiambia hawezi. Mtu aliyeshukiwa kuondoa tawi, atathubutu kushika tawi mbele ya macho ya watu? Nilikuwa nimemfunga kwa kamba yake mwenyewe. Kila asubuhi kutoka kwetu tulisikia injini ikiamshwa, ikinguruma kidogo bila kitu cha kusaga, ikazimwa. Nilikuwa nasubiri ule mlio wa kuzimwa. Nikiwa darasani, mwalimu anafundisha sehemu, mimi nautegea. Ukija, nilisema moyoni, "Hiyo ni ya Minza."

Niliendelea hivyo mwaka hadi mwaka, masika na kiangazi, nikiugua siku mbili siku ya tatu nimepanda. Kama ningesoma kwa bidii hiyo leo ningekuwa daktari. Nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni huko Maswa. Asubuhi ya kuondoka, sanduku limeshafungwa, nilikwenda mara ya mwisho nikaweka tawi kubwa kuliko yote. Niliporudi likizo ya kwanza nyumbani hawakuwa na habari nyingine: Jilala ameuza injini kwa mtu wa Bukundi, banda limebaki na popo. Nilikula bugali siku hiyo mpaka mama akanishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yangu. Sikumwambia mtu. Nilipokuwa na shida, nilipoonewa kazini, niliitoa na kuitazama, nikajikumbusha kwamba mimi nikikosewa silali.

Mwaka jana Jilala alifariki. Nilikwenda msibani, na nisijifanye mtu mwema, nilikwenda kuhakikisha. Siku ya tatu, wageni wamepungua, Mama Holo aliniita nikae naye kwenye mkeka. Amezeeka, macho yamefifia, ila mikono ni ile ile iliyomkanda Minza. Akanishika kiganja.

"Kabula, ng'wanone, mwanangu," akasema, "yule mzee alikuwa anakuona."

Nikauliza kuniona wapi.

"Ukija na kisu chako cha jikoni. Siku ya kwanza kabisa alikuwa anakojoa nyuma ya banda, akakuona. Akaja kuniambia. Nikamwambia nenda kwa baba yake, huyo mtoto atatuua kwa njaa. Akasema, mwache, tawi hilo ni langu."

Yeye akaendelea taratibu, kama anayeeleza jinsi ya kuhifadhi michembe ya viazi.

"Ulipokwenda shule mimi nilifurahi, gete, kweli kabisa. Nikasema sasa litakauka, watu watarudi. Likakauka. Asubuhi nikamwona anatoka na panga. Akakata jingine, akaliweka pale pale ulipokuwa unaliweka wewe. Mpaka injini ilipoondoka."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Sasa mimi nitajuaje? Alikuwa mtu wa kusema? Pole hakuweza kuisema sawasawa, hata ile siku ya jogoo alirudi amenuna."

Mnadhani nililia? Nilikasirika. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika kuliko nilivyokuwa nikiwa na miaka kumi. Mtu ameniharibia dada, halafu ameniacha nijichoshe alfajiri zote hizo nikidhani namwadhibu, kumbe anajiadhibu mwenyewe kwa mikono yangu, na ilipopungua akaongezea. Kisasi changu chote, kitu pekee nilichokuwa nakimiliki utotoni, kilikuwa chake. Alikuwa anakitumia bila kuniomba.

Nikaenda moja kwa moja kwa Minza. Anaishi pale pale nyumbani, hakuolewa, amejenga chumba chake upande wa jikoni. Nilimkuta anapepeta mtama, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kuanzia kidole changu kwenye kitako cha tawi mpaka maneno ya Mama Holo, nikiwa nimesimama, narusha mikono. Nilimwambia nilimfanyia yeye. Nilimwambia ile mashine niliizima mimi. Nilitegemea, nadhani, kwamba atanishukuru.

Minza aliacha kupepeta. Akatoa kijiti kidogo kwenye ungo kwa kidole.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Kabula, kulima sikuweza tena. Si unajua? Kazi niliyobaki nayo hapa nyumbani ilikuwa kusaga." Alisema bila hasira, kama anayenikumbusha siku ya mnada. "Pale begani walishasawazisha, nilikuwa nafika kwa Jilala napumzika mara moja tu. Nikakuta tawi. Na mimi, kwa mguu huu, ningeruka tawi?"

Nikashika mwimo wa mlango.

"Senta nilikuwa nakwenda na kurudi siku nzima," akasema Minza. "Kila wiki. Ulikuwa unarudi shule unanikuta nimeweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Unaniuliza kama chakula kipo tayari."

Akainua ungo akaendelea kupepeta. Mtama mzuri ulikuwa unabaki, makapi yanaruka kwenye sketi yangu ya msiba, na mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni, nimemzibia mwanga. Baada ya muda akaniambia nikae au nitoke, haoni anachofanya. Nikakaa.